Kisa cha bibi shamba na XTZ yake: kila mtu alilaumu urefu wa kiti

Naandika kisa hiki kwa urefu maana kila msimu nakutana na mtu aliyejinunulia pikipiki za porini, hizi ndefu kina XL, DT na XTZ, afu baada ya wiki chache anaanza kuiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu "imemshinda". Mara nyingi haijamshinda. Kuna kitu kimoja hajaoneshwa, na waliomzunguka wote wanamuonesha kitu kingine kabisa. Kisa cha huyu dada kinaonesha hilo vizuri kuliko vingine vyote nilivyoviona.

Dada mwenyewe ni afisa ugani, huku kwetu Lushoto watu wanamuita bibi shamba na mi nitamuita hivyo hivyo. Kata anayohudumia ipo juu huko njia ya kuelekea Mlalo, vijiji vimekaa migongoni mwa milima, wakulima wake ni wa kabichi, karoti na viazi mviringo, na kutoka barabara kubwa mpaka shambani kwa mtu ni vijia vya udongo mwekundu vilivyochongwa ubavuni mwa mlima. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi ambao hata kwa miguu unashika matawi. Alikuwa anatumia boda kwa hela yake mwenyewe, ikawa inammaliza, kwaiyo akakopa SACCOS akanunua Yamaha XTZ125 kwenye mnada wa mradi uliokuwa unafunga shughuli. Wiki za mwanzo akawa anaanguka anaanguka tu, hajaumia sana lakini goti limevimba, mkono wa klachi umepinda, na kibaya zaidi moyo umevunjika, akaanza kuiacha nyumbani na kurudi kwenye boda huku makato ya mkopo yanaendelea. Hapo ndo aliponitafuta.

"Shikamoo kaka. Hii pikipiki ni ndefu kwangu, nataka nikate sponji ya kiti, fundi mmoja mjini kashaniambia italeta nafuu."

Nikamwambia usikate kitu kwanza, niletee niione.

Nianze na ununuzi maana kwenye mnada nilikuwepo, na ule ununuzi ulikuwa mzuri, lazima isemwe, mtu akianguka watu wanapenda kusema kauziwa mkweche. Pikipiki za miradi mara nyingi miaka ya mwanzo zinapigwa sevisi kwa ratiba, afu mradi ukikaribia kuisha hamna anayezijali, kwaiyo rangi inaweza kung'aa na ndani kumeliwa. Zilikuwa zimepangwa na namba zake za DFP, yaani namba za miradi ya wafadhili, wanunuzi wengi wanawasha, wanasikiliza mlio, wanapiga resi, wanaondoka. Mlio unakwambia kidogo sana. Sisi tulianza na eya klina: unafungua kifuniko, unatoa filta, unapitisha kidole kwenye lile bomba la mpira linaloingia kwenye kabureta, UPANDE WA NDANI wa filta. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, hiyo injini imekula mchanga, pistoni na silinda zimekwanguliwa, achana nayo hata kama inalia vizuri. Mbili pale zilikuwa na vumbi. Ya kwake kidole kilitoka na oili kidogo tu.

Baada ya hapo tukaweka tofali chini ya injini mpaka tairi ya mbele ikanyanyuka, tukageuza usukani taratibu kushoto kulia. Koni, yaani beringi za shingo ya usukani, zikiwa zimekufa utasikia usukani unanasa pale katikati, unakaa wenyewe kama una tundu, na pikipiki ya hivyo kwenye njia mbaya haiendi unakotaka. Tairi ya nyuma unaishika juu unaitikisa kwa pembeni, ikicheza unajua ni beringi za tairi au ni bushi za ule mkono wa nyuma. Spoku unazigonga moja moja na spana, iliyolegea inatoa sauti butu. Spoketi ya nyuma angalia meno, yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja jua unanunua seti nzima na cheni. Ya kwake ilikuwa na kasoro moja, sili ya shokapu ya mbele upande wa kulia inavuja, kuna duara la oili na udongo kwenye ule mrija unaong'aa. Sili ni kitu kidogo. Akanunua, akaenda TRA kubadilisha umiliki akapata namba yake ya MC, ya pikipiki binafsi, leseni ya pikipiki alikuwa nayo tayari, akabadilisha sili zote mbili na oili ya injini. Mpaka hapo hana kosa.

Sasa tuje kwenye urefu, maana ndo kesi yenyewe.

Kiti cha XTZ125 kipo milimita 840 kutoka chini. Bibi shamba ni mfupi, akikaa katikati vidole vya miguu yote miwili vinagusa kwa mbali, visigino viko hewani. Akiegemea upande mmoja, mguu wa upande ule unakanyaga vizuri mpaka nusu ya unyayo. Kwa aliyezoea Boxer au hizi za Kichina za boda, ambako unakaa miguu yote imejaa chini, inatisha kweli, sikatai. Lakini ule urefu haukuwekwa kwa mapambo. Pikipiki za aina hii zilianza kuwa bidhaa ya watu wengi mwaka 1968 Yamaha walipotoa DT-1 ya cc 250 kule Marekani, kabla ya hapo watu wengi waliotaka kwenda porini walikuwa wanachukua pikipiki ya lami wanaivua vitu, wanainua ekzosi, wanabadilisha tairi, wanakwenda nayo hivyo hivyo. DT-1 ikaja imetengenezwa kwa ajili ya hilo tangu kiwandani: nyepesi, shokapu zinazocheza kwa umbali mrefu, injini imepanda juu isigonge mawe, na ruhusa ya kupita barabarani kama pikipiki nyingine. DT125 zilizojaa huku kwetu ni ukoo huo huo na XTZ pia, ingawa hii ni ya moto mara nne. Sasa shokapu ikiwa na mchezo mrefu na injini ikikaa juu, kiti kitakwenda wapi? Lazima kipande. Na tairi ya mbele ya inchi 21 imewekwa kwa sababu tairi kubwa inapokutana na jiwe inalipanda kwa mteremko mdogo, tairi ndogo inaligonga.

Kwaiyo ukikata sponji, umekata kitako chako tu. Shokapu na injini viko pale pale. Unachopata ni sentimita chache za miguu, na unachopoteza ni kwamba magoti yanakunjika zaidi, na kila ukitaka kusimama kwenye vikanyagio unanyanyuka kutoka chini zaidi, mwisho wa siku unaacha kusimama. Na asiyesimama kwenye pikipiki hii bado hajaanza kuiendesha. Wapo wanaoshusha kwa kupandisha shokapu za mbele kwenye klempu na kubadilisha kiungo cha nyuma, hiyo inashusha kweli, ila stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, ukiegesha pikipiki inakaa wima na upepo kidogo iko chini. Yote hayo yanaweza kufanyika kwa mtu ambaye hata akiegemea upande mmoja hafiki chini kabisa. Yeye alikuwa anafika.

Akaileta. Kabla sijamuuliza chochote nikaizunguka pikipiki na hapo nikaona kitu. Mkwaruzo wote upande wa kushoto. Indiketa ya kushoto ya mbele imekatika, mkono wa klachi umepinda, ncha ya kikanyagio cha kushoto imesagika, plastiki ya ubavu wa kushoto ina mistari. Upande wa kulia safi, hata vumbi lake ni la kawaida. Mtu anayeanguka kwa sababu pikipiki ni ndefu ataanguka pande zote mbili, miguu yake ina urefu mmoja!

Nikamuuliza unaanguka wapi, akasema popote. Nikamwambia twende tukaangalie hapo popote. Tukapita sehemu zake moja moja, kwa miguu, na kila sehemu nikamuomba asimame alivyosimama siku ile na anioneshe alikuwa anaelekea wapi. Sehemu ya kwanza alikuwa anapishana na kina mama wenye mizigo ya kabichi, akasimama, chini. Nyingine alisimama kuongea na mkulima. Nyingine injini ilizima kwenye kamlima. Hamna hata moja aliyokuwa kwenye mwendo. Zote anasimama au anataka kuondoka. Na zote, sikiliza hapa, ni za kwenda. Hamna alipoanguka wakati wa kurudi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaliona hilo, akalieleza kwamba asubuhi ana mzigo na haraka, jioni ametulia. Maelezo yanaingia akilini kabisa, ila siyo yenyewe.

Angalia kijia chenyewe. Kimechongwa ubavuni mwa mlima, kwenda vijijini mlima uko kulia na bonde kushoto. Njia za hivi hazijalala sawa, zinainama kuelekea bondeni, na mvua inakula ukingo wa bondeni zaidi. Sisi Tanzania tunapita kushoto, kwaiyo ukikutana na mtu unajibana kushoto bila kufikiri, yaani unajipeleka kwenye ukingo wa chini. Afu unasimama. Mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma, kwaiyo unaoshuka ni wa kushoto, siku zote, mwili umeshazoea. Na mguu wa kushoto unashuka upande wa bondeni ambako ardhi iko chini zaidi kwa kiganja kizima au zaidi ya pale tairi zilipo. Unatafuta ardhi huioni, pikipiki ya kilo kama 118 imeshaanza kulala na ikishapita kiwango fulani hamna mkono wa binadamu wa kuizuia. Jioni mlima uko kushoto, mguu wa kushoto unashukia upande wa juu, unakanyaga mapema, raha mustarehe. Mtu akirudi anasema leo nimetulia.

Hiyo ndo kesi. Mfupi au mrefu, ukiteremsha mguu upande wa bondeni kwenye njia iliyoinama utalala. Mrefu atachelewa kuligundua tu.

Nilimwekea kwa vitendo palepale, nikamshikia pikipiki, nikamwambia shusha mguu wa kulia, upande wa mlimani, huku unateleza makalio kidogo kwenye kiti kuelekea kulia. Unyayo wote ukakaa chini. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Kumbe inafika." Inafika, tena vizuri.

Ila kujua na kufanya ni vitu viwili, kwa sababu ukitaka kushusha mguu wa kulia lazima uiachie breki ya nyuma, na yeye breki ya mbele alikuwa anaiogopa kama nyoka, alifundishwa na waliomfundisha kwamba ukigusa ya mbele unapinduka. Watu wengi sana wa boda wanafundishwa hivyo. Breki ya mbele ya XTZ ni ya diski, ina nguvu kweli, ukiikamata ghafla kwenye utelezi tairi ya mbele inakwenda zake. Lakini pale mwishoni kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, vidole viwili taratibu, ndiyo inayokushikilia wakati mguu wa kulia unahama. Mpangilio tuliomfundisha ni huu: punguza mwendo kwa gia na breki ya nyuma, angalia ardhi ya pande zote KABLA ya kusimama, chagua mguu, kamata klachi, malizia na breki ya mbele, shusha mguu uliouchagua. Kuchagua mguu mapema ndo kila kitu. Na ukipishana na watu, usijibane bondeni, simama upande wa mlimani au katikati mapema, wao wana miguu wataweza kupita, huku watu wanaelewa, unawasalimia wanapita na maisha yanaendelea.

Mazoezi tulianzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, siyo mlimani, jioni watoto wakishaondoka. Klachi kwanza. Gia namba moja, unaachia klachi mpaka unasikia pikipiki inataka kwenda, unaishikilia hapo hapo, inatembea kwa mwendo wa kobe, breki ya nyuma unaigusa kidogo huku injini bado inavuta. Ile kuvuta na kuzuiwa kwa pamoja inaifanya pikipiki isimame wima yenyewe, na ukishaipata unaweza kwenda polepole kuliko mtu anayetembea bila kuweka mguu chini. Mtu anayeweza hivyo hahitaji kuweka mguu mara kwa mara, na asiyeweka mguu hana shida na urefu wa kiti. Ndiyo maana nasema klachi inafupisha pikipiki kuliko kisu cha fundi wa sponji. Alikuwa anazunguka uwanja mzima hivyo, duara za kulia zikamsumbua zaidi ya za kushoto, macho yake yakawa yanaangalia tairi ya mbele. Nikawa nampigia kelele tu, angalia goli! angalia goli! maana pikipiki inafuata macho, ukiangalia shimo unaingia shimoni.

Tukiwa pale uwanjani likajitokeza lingine ambalo peke yake lingemuua siku moja. Gia. Pikipiki aliyojifunzia zamani gia zote zinakanyagwa mbele, na ina kile kikanyagio cha kisigino cha kurudishia. XTZ ni moja chini, nyutro, afu zilizobaki unainua kwa vidole vya mguu mpaka ya tano, na nyuma hamna kisigino. Akiwa ametulia anakumbuka vizuri. Akishtuka mwili unarudi kule kwa zamani: anataka kuongeza, anakanyaga, anaenda ya tatu kurudi ya pili, tairi ya nyuma inajifunga na kuteleza. Dawa yake hapo ilikuwa kurudia kwa wingi, hamna nyingine, kapanda kashuka uwanjani huku anataja gia kwa sauti mpaka vijana wa bodaboda pale nje wakawa wanataja naye.

Na gambuti. Masika huku bila gambuti huendi, na gambuti lake lina ncha nene, halipenyi chini ya mkono wa gia, kwaiyo hata akikumbuka kuinua, kiatu kinagonga pembeni gia haiingii, injini inalia, kamlimani inazima. Hii watu hawaizungumzii kabisa. Nikalegeza bolti ya ule mkono wa gia, nikauchomoa kwenye meno yake, nikaupandisha jino moja juu, nikafunga. Basi. Nusu ya kuzima kwake kwenye vilima kuliishia pale, kwa spana namba kumi. Tukashusha na pedeli ya breki ya nyuma kidogo ili akisimama isimfikie kabla hajataka, na mikono ya klachi na breki tukaizungusha iangalie chini zaidi, maana ukiwa umesimama viganja vinakuja kutoka juu.

Upepo wa tairi nao. Alikuwa anajaziwa kwa kijana wa pancha, anajaza mpaka tairi inakuwa jiwe, kwa sababu boda wanabeba watu watatu wanataka hivyo. Kwenye udongo tairi ngumu inagusa kwa mstari mwembamba katikati, vile vidole vya mpira vya pembeni mwa tairi having'ati. Kwa uzito wake na mzigo mdogo tulishusha mpaka psi 20 hivi mbele na nyuma zaidi kidogo. Usishushe mno ukiwa na tyubu, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu inatoboka matundu mawili sambamba, na mawe huku hayakosekani. Akipakia mfuko wa mbolea nyuma anaongeza.

Na cheni. Kila fundi wa njiani akiiona cheni ya XTZ anaikaza, kwa kipimo cha Boxer. Pikipiki yenye mchezo mrefu wa shokapu inataka cheni iliyolegea zaidi ikiwa imesimama tupu, kwa sababu tairi ya nyuma inapopanda cheni inajikaza yenyewe. Ukiikaza ikiwa tupu, ukikaa na kugonga shimo inavutika mpaka mwisho, inakula spoketi na beringi ya shafti inayotoka kwenye injini, na hiyo beringi kuibadilisha ni kupasua injini. Nimempa kipimo cha kuangalia: akae mtu mzito pikipiki ishuke, cheni hapo bado iwe na mchezo. Anayetaka kuikaza amwambie asante, aendelee na safari.

Mlimani tulikwenda baadaye, na hapo nilitaka ajue mambo mawili tu kwa siku. Kwanza, injini ikizima kwenye kupanda. Silika ni kukamata klachi na breki ya mbele, matokeo yake tairi ya mbele imejifunga na pikipiki nzima inateleza kurudi nyuma. Ikizima, iache kwenye gia na usiguse klachi, ule mgandamizo wa injini unaishikilia tairi ya nyuma, unakuwa na breki ya bure. Unapumua, unachagua mguu wa mlimani, unashuka upande wa mlimani, ndipo unaanza kukamata klachi kidogo kidogo na kuigeuza ielekee chini. Pili, kuteremka. Huku vijana wanateremka nyutro, wengine wanazima kabisa, kuokoa mafuta, wanatoka Lushoto mpaka Mombo hivyo, nimezika watu kwa jambo hili na sitaki kulisikia. Breki ya nyuma ya duara (ya ngoma, siyo diski) ikishapata moto inakufa, na pikipiki isiyo kwenye gia haina kitu kingine cha kuishika. Kwenye kijia cha udongo ni gia ya kwanza au ya pili, klachi umeiachia, injini inaguna, breki unagusagusa tu.

Kusimama kulikuja kwenyewe baada ya hapo. Magoti yamekunjika kidogo, kifua mbele, uzito umeshuka kwenye vikanyagio badala ya kiti, pikipiki inacheza chini yako na wewe hutikisiki. Alikuwa anafunga bomba la kunyunyizia dawa na mifuko ya sampuli za udongo juu kabisa nyuma, mbele inakuwa nyepesi inapepesuka kwenye kupanda, tukaushusha ule mzigo pande mbili kwenye mifuko ya turubai chini ya kiti na tofauti aliisikia siku hiyo hiyo.

Kuna kuinua pia, maana kuanguka kupo tu. Funga koki ya mafuta kwanza, kabureta inamwaga. Kama imelalia bondeni usijaribu kuinyanyua kutokea hapo, utavunja mgongo, ishike kwa nyuma na mbele uizungushe ikiwa imelala mpaka tairi ziwe ndizo zilizo upande wa chini, iache kwenye gia isiserereke, afu kalisha mgongo kwenye kiti, shika, sukuma kwa miguu unarudi kinyumenyume. Mwanamke mwenye mwili mdogo anaiinua, nimeona mwenyewe.

Nisiseme urefu hauna maana kabisa. Kuna sehemu bado unamsumbua: kurudisha pikipiki nyuma akiwa amekaa, haiwezi, anashuka anaisukuma. Na kwenye mfereji mrefu uliochimbwa na maji, ambako tairi ziko chini na kingo ziko juu, yeye kwa kweli anafaidi maana kingo zinampa pa kukanyagia, warefu ndo magoti yanawagonga. Ila sponji yake haijakatwa, na yule fundi akimuona bado anamkumbusha.

Sasa hivi anazunguka kata nzima, na masika alipita nayo isipokuwa siku za mvua kubwa ambazo hata mi nisingempeleka mtu. Anguko lipo moja moja, na mkwaruzo mpya wa kwanza upande wa kulia umeshapatikana, huo siku ile aliuchagua mguu vizuri ila jiwe likatereza. Kilichobaki kumfundisha ni maji, vijito vya mawe ambavyo vuli vinajaa kwa saa moja. Tumeshaanza kwa kuvuka kwa miguu kwanza, unajua kina na unajua mawe yalipo, kama maji yanafika usawa wa eya klina unarudi ulikotoka. Akizimikia katikati na maji yameingia, hatakiwi kugusa stata hata kidogo, maji hayagandamiziki, utapinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Anaisukuma nje, anafungua plagi, anazungusha injini plagi ikiwa nje mpaka maji yaishe kutoka, anaangalia oili, ikiwa imepauka na kuwa nyeupe anamwaga yote kabla ya kuwasha. Spana ya plagi nimemfungia kwa mpira chini ya kiti.